Treni ya Magadi: mteja mmoja, kilomita 146, na behewa linalosubiri Konza

Maharage yakigoma kuiva, mpishi hutupia sufuriani kipande cha magadi na mambo yakaenda. Wavuta ugoro wanayajua, wapika mlenda wanayajua, na wafugaji pia. Ni wachache kati yao waliowahi kufikiri kwamba kitu hicho kina reli yake: kilomita 146 za njia nyembamba, upana wa mita moja, kutoka Konza kwenye laini ya zamani ya Mombasa–Nairobi hadi ukingoni mwa Ziwa Magadi, kusini kabisa mwa Bonde la Ufa upande wa Kenya. Ziwa lilichukua jina la bidhaa, mji ukachukua jina la ziwa, reli ikachukua mzigo.

Kisa chenyewe ni hiki. Kenya ilijengewa matawi mengi ya reli enzi za ukoloni: Solai, Nyahururu, Kitale, Nanyuki, Butere. Mengi yalidhoofika, mengine yakaota nyasi. Nanyuki ilikaa miaka mingi bila treni hadi ilipokarabatiwa mwaka 2020. Tawi la Magadi, lililokamilika mwaka 1915, limepita katika vita viwili vya dunia, kufilisika kwa kampuni iliyolijenga, kuvunjika kwa Shirika la Reli la Afrika Mashariki mwaka 1977 na kuja kwa SGR, reli mpya ya Mombasa–Nairobi. Kwa nini hili limedumu?

Ukiwauliza watu wa reli watakujibu kwa neno moja: mteja. Lina mteja mkubwa, asiyehama: kiwanda cha magadi. Ni kweli, lakini nadhani ni nusu ya jibu. Mteja mkubwa naye huichoka reli akahamia malori. Tumeliona hilo mara nyingi. Nusu ya pili imo katika swali ambalo halipendezi kwenye hotuba za uzinduzi: behewa likisimama, nani anaumia?

Mzigo ulioko shimoni

Tuanze na ardhi, kwa sababu tawi hili limetawaliwa na ardhi kuliko na ratiba. Ziwa Magadi liko karibu mita 580 juu ya usawa wa bahari. Halina mto wa kutokea. Chemchemi za maji ya moto zilizolizunguka humwaga humo maji yenye chumvi za sodiamu, jua la bonde hukausha maji, kinachobaki ni gamba gumu jeupe lenye wekundu kidogo. Hiyo ndiyo trona, yaani magadi ghafi. Kwa kuwa chemchemi hazikauki, gamba hujirudishia kiasi fulani cha kile kinachochimbwa.

Trona huchimbwa, husagwa, husafirishwa kwa bomba pamoja na maji hadi kiwandani, kisha huchomwa. Hapo ndipo panapopatikana magadi soda ya viwandani, unga mweupe ambao watengenezaji wa vioo na sabuni duniani hawawezi kukaa bila huo. Jambo ambalo mtu wa reli analiona upesi kuliko mkemia ni hili: trona ikichomwa hupoteza maji na hewa ya kaboni, karibu asilimia 30 ya uzito wake. Tani 100 zinazoingia tanuri hutoa takriban tani 70. Kuna ambaye angeweza kusema kiwanda kijengwe Mombasa, penye upepo wa bahari na bandari jirani, wafanyakazi wasichemke kwenye joto la Magadi. Lakini hapo karibu theluthi moja ya mzigo wa kila treni ingekuwa maji na hewa, tena kwa kupandisha mlima. Ndiyo maana tanuri liko kule kule kwenye joto.

Na mlima upo. Kutoka ziwani treni inapanda zaidi ya mita 1,000 kabla haijatulia kwenye nyanda za Kajiado, ndipo ielekee Konza. Reli nyingi za migodi duniani zina bahati ya mgodi kuwa juu na bandari chini: treni inashuka na mzigo, inapanda tupu. Tawi la Magadi ni kinyume chake. Mzigo hupanda, utupu hushuka.

Nifanye hesabu ya kalamu na karatasi. Chukua tani 1,000 za mzigo, ongeza tani 500 za mabehewa yenyewe. Kuinua tani 1,500 kwa mita 1,000 kunahitaji nishati ya takriban kilowati-saa 4,100. Injini ya dizeli ya treni hutoa kama kilowati-saa 4 kwenye magurudumu kwa kila lita. Kwa hiyo lita 1,000 hivi zinaishia kwenye kupandisha tu, kabla hujahesabu msuguano, kona, na injini kuunguruma stesheni ikisubiri. Ni kama lita moja kwa kila tani. Si nyingi, ukilinganisha na lori 36 za tani 28 zikikwea bonde hilo hilo na kuendelea mpaka Mombasa. Lakini zinakwambia kwamba tawi hili halina nafasi ya uzembe: injini mbovu kwenye tambarare hufika imechelewa, injini mbovu kwenye mlima haifiki.

Kampuni iliyojenga reli kabla ya kuuza chochote

Kampuni ya Magadi Soda ilianzishwa mwaka 1911. Tarehe hiyo ina kivuli chake: mwaka huo huo Wamasai walisainishwa mkataba wa pili wa kuwahamishia kusini, baada ya ule wa 1904. Wafugaji walisukumwa kuelekea kusini, na papo hapo sehemu ya ardhi ya kusini ikakatwa kwa ajili ya ziwa na kiwanda. Mgogoro wa ardhi ya Magadi unaosikika Kajiado hata leo una mizizi humo, nami siwezi kuusimulia kwa haki ndani ya makala ya treni.

Reli ilijengwa kwa fedha za kampuni, na kazi ikafanywa na wakandarasi Pauling, wazoefu wa reli za Afrika. Fikiria ukubwa wa kamari hiyo: unatandaza chuma kwenye nchi kavu isiyo na mji njiani ili ufikie bidhaa ambayo bado hujauza. Kisha mwaka 1914 vita vikazuka. Meli zikapungua, soko likavurugika. Ilipofika mwaka 1924 kampuni ya kwanza ilikuwa imeshindwa na mali yake ikaenda kwa Brunner Mond ya Uingereza, ambayo mwaka 1926 iliingia ndani ya kampuni kubwa ya kemikali, ICI. Miongo mingi baadaye, kati ya 2005 na 2006, Tata Chemicals ya India ilinunua Brunner Mond pamoja na Magadi.

Mmiliki alibadilika, tuta la reli halikubadilika. Gharama ya ujenzi ililipwa na watu waliopoteza fedha zao, na waliokuja nyuma wakapokea njia iliyokwisha kutandazwa. Nadhani lau wenye hisa wa mwanzo wangefanya hesabu za tahadhari, leo tungekuwa tunasoma habari za ziwa zuri lenye heroe na barabara mbovu. Jirani yake, Ziwa Natron upande wa Tanzania, lina magadi vilevile. Tata walipotaka kujenga kiwanda huko walikutana na upinzani mkubwa kwa sababu ndiko heroe wa Afrika Mashariki wanakozaliana, wakajitoa mwaka 2008. Engaruka, kusini zaidi, bado ni mradi wa magadi unaozungumzwa, na kila unapozungumzwa swali la pili ni reli.

Hesabu ya mabehewa

Hapa ndipo kisa kinapoiva.

Kiwanda cha kisasa kilichofunguliwa Magadi mwaka 2006 kilisanifiwa kutoa tani 365,000 za magadi soda safi kwa mwaka. Gawanya: tani 1,000 kwa siku. Tuseme behewa moja la geji (upana wa njia) ya mita linabeba tani 40. Kila siku unahitaji mabehewa 25 yaliyojaa yatoke. Ukiishia hapo utafikiri unahitaji mabehewa 25, labda 30 kwa tahadhari.

Sasa lifuate behewa moja. Linajazwa leo. Linangoja wenzake. Linapanda hadi Konza. Linangoja kichwa cha treni cha kulipeleka Mombasa. Linasafiri, jumla karibu kilomita 600 tangu ziwani. Linangoja kupakuliwa bandarini. Linapakuliwa. Linangoja kurudi. Linarudi. Mzunguko huo ukichukua siku 5, unahitaji mabehewa 125 ili kila siku 25 yawe kiwandani. Ukichukua siku 10, unahitaji 250. Hakuna tani hata moja iliyoongezeka. Kilichoongezeka ni kungoja.

Na kwa kiwanda kinachochoma masaa 24, kukosa mabehewa si usumbufu mdogo. Tanuri haliwashwi na kuzimwa kama jiko la mkaa. Maghala yakijaa, unga hauwezi kumwagwa nje. Magadi soda hunyonya unyevu na kuganda kuwa mawe. Bandarini nako meli ikifika kabla ya mzigo hulipiwa kila siku inayokaa bure.

Ndani ya tawi lenyewe, kungoja kunaweza kupunguzwa. Njia ni moja, treni hupishana kwenye stesheni zenye njia ya pili. Kanuni ya akili ni kwamba inayopanda na mzigo isisimamishwe. Inayoshuka tupu ndiyo inayoingia pembeni na kungoja. Sababu si heshima. Kuanzisha upya tani 1,500 zilizosimama mlimani ni kazi nzito kuliko kuziendesha, na magurudumu yanaweza kuteleza kabisa reli ikiwa na umande au vumbi la soda. Kichwa kimoja kikishindwa, unachagua kati ya vichwa viwili au kugawa treni: unapandisha nusu, unaiacha, unarudia nusu nyingine. Kila mgawanyo unahitaji mtu wa kushanti, yaani kupanga na kuunganisha mabehewa, muda wa kufunga breki, na mahali pa kuunganisha tena. Mahali penyewe, mara nyingi, ni Konza.

Mteja anapokamata usukani

Katika miaka ya 1980 na 1990 shirika la reli la Kenya lilikuwa na shida inayojulikana kwa kila aliyesubiri mzigo wakati huo: vichwa vichache vinavyofanya kazi, vipuri haba, madeni. Shirika lenye vichwa vichache huvipeleka kwanza kwenye laini kuu. Hilo si ubaya wa mtu. Ni hesabu ya anayehudumia wateja 100. Tawi lenye mteja mmoja husikilizwa mwisho hata kama mteja huyo ni mmoja wa wasafirishaji wakubwa wa madini nchini.

Suluhisho la Magadi, kuanzia katikati ya miaka ya 1990, lilikuwa kampuni kuchukua uendeshaji wa tawi kupitia kampuni yake tanzu ya reli na kulipia haki ya kutumia njia. Reli iliyojengwa na kampuni, ikaendeshwa na serikali kwa miongo, ikarudi mikononi mwa mwenye mzigo.

Watu wengi husoma hatua hii kama hadithi ya sekta binafsi kuwa bora kuliko serikali. Mimi siisomi hivyo. Treni hazikubadilika kuwa za haraka, mlima haukushuka hata sentimita. Kilichobadilika ni kwamba anayepanga kichwa kiende wapi asubuhi ni yule yule ambaye tanuri lake litazimika jioni. Behewa likikaa siku mbili bila sababu, hasara inaonekana kwenye daftari la mtu mmoja, si la ofisi mbili zinazorushiana barua. Miaka kumi hivi baadaye, mwaka 2006, laini kuu nayo ilikabidhiwa kwa kampuni binafsi, Rift Valley Railways, na mkataba wake ukavunjwa mwaka 2017 baada ya miaka ya malalamiko. Binafsi na binafsi, matokeo mbalimbali. Mwendeshaji wa laini kuu alibeba mizigo ya watu. Wa tawi alibeba wake.

Tofauti na matawi ya mashambani inaeleweka pia kwa mwanga huu. Solai au Nyahururu zilikuwa na wakulima wengi, kila mmoja na behewa mbili wakati wa mavuno na sifuri miezi mingine. Hakuna hata mmoja kati yao ambaye angeweza kukodi kichwa cha treni. Lori lilipokuja hadi mlangoni, walihama mmoja mmoja, kimya kimya.

Kuwa na mteja mmoja kuna upande wake wa pili, na ulionekana mwaka 2014. Kile kiwanda kipya kilifungwa, gharama ya nishati ikitajwa kama sababu kubwa, na zaidi ya wafanyakazi 200 wakapoteza kazi. Kampuni ikabaki na uzalishaji wa zamani. Reli haikuwa imekosea lolote, lakini mzigo wake ulipungua kwa uamuzi uliofanywa mbali na reli. Tawi la namna hii haliwezi kutafuta mteja wa pili njiani, kwa sababu njiani kuna ng'ombe, mbuzi na migunga.

Lakini njiani kuna watu. Kwenye nchi kame ya Koora na Singiraini, reli ndiyo alama ya kudumu, na kampuni imekuwa ikisafirisha maji kwa mabehewa ya matangi kwa ajili ya jamii zilizo kando ya njia. Kwa mpanga ratiba huo ni usumbufu: treni inasimama, watu wanakuja na punda na madumu, muda unakwenda. Tena tangi la maji linageuza treni inayoshuka tupu kuwa treni inayoshuka na uzito, na breki lazima zipimwe vizuri kabla ya kuuanza mteremko. Hata hivyo ningekuwa meneja nisingeliondoa. Njia ya kilomita 146 haiwezi kulindwa na askari. Inalindwa na mtu anayeona boliti imelegea na kuona kwamba ni shida yake pia.

Mahali ambapo dawa inaishia

Yote niliyosema yanakoma Konza. Kutoka pale hadi baharini njia si ya mwenye mzigo. Anaweza kupanga tawi lake kwa dakika, kisha mabehewa yake yakalala kwenye makutano kwa sababu za watu wengine.

Zamani tatizo lilikuwa msongamano na ukosefu wa vichwa. Tangu SGR ianze kubeba makontena mwanzoni mwa 2018 tatizo limegeuka sura. Makontena ya bandari yalielekezwa kwenye reli mpya, na laini ya zamani ikapoteza mzigo uliokuwa ukisaidia kulipia mataruma, madaraja na mishahara ya stesheni. Njia ikawa wazi zaidi, lakini gharama ya kuitunza haipungui kwa kasi ambayo treni zinapungua. Daraja linahitaji kukaguliwa likipitiwa na treni 20 au 2. Kwa miaka 100 tawi liliegemea laini kuu. Sasa laini kuu, kipande cha Konza hadi Mombasa, inazidi kuegemea watumiaji wachache waliobaki, na mwenye magadi ni mmoja wao.

Kwa nini asihamishie mzigo SGR? Kwa sababu ya milimita 435. Geji ya zamani ni milimita 1,000, mpya ni 1,435. Behewa haliwezi kuvuka. Mzigo lazima umwagwe na kupakiwa tena. Tanzania wanaujua mchezo huu vizuri: pale Kidatu, reli ya tawi kutoka Kilosa hukutana na ya TAZARA, tofauti ni milimita 67 tu, na kituo cha kuhamishia mizigo kilichofunguliwa mwaka 1998 kilijengwa kwa sababu ya hizo 67. Kwa makontena, kuhamisha ni winchi na dakika chache. Kwa unga unaopeperuka na kuchukia unyevu ni maghala, mikanda, vumbi na hasara. Unaweza kuujaza kwenye makontena tangu Magadi, lakini kontena nalo lina uzito wake, na uzito huo tumeshaona unavyopandishwa: lita kwa lita.

Njia ya malori ipo, kupitia Kiserian. Kwa mzigo mdogo wa soko la Nairobi ina maana. Kwa mzigo wa meli, mlolongo wa lori 36 kila siku kwenye barabara ile na kisha barabara kuu ya Mombasa ni jambo ambalo hata wenye malori wangelitafakari.

Kwa hiyo mazungumzo yatakuwa juu ya ada ya kutumia njia: nani alipe nini ili kipande cha Konza–Mombasa kibaki kupitika. Shirika litakuja na gharama zake za matengenezo, na kampuni itakuja na tani zake. Pande zote mbili zitakuwa na karatasi nyingi. Mimi ningeingia na kitu rahisi zaidi. Ningempa gadi (msimamizi wa treni) wa Konza chaki, aandike ubavuni mwa kila behewa siku na saa lilipofika, na mwenzake aandike chini yake saa lilipoondoka. Miezi mitatu ya namba hizo, zikiwa zimenakiliwa daftarini kabla mvua haijazifuta, ndizo ningezitandaza mezani kwanza.